Ufunguo Hauendi Fez

Jumatano, 16 Oktoba

Tumefika Granada. Nimechoka, nimekasirika, na sijutii chochote.

Shemeji yangu Si Taudi ameendesha gari kutoka bandarini mpaka hapa bila kuniachia usukani hata kidogo. Eti barabara za Uhispania zinataka mtu mtulivu. Mimi nimeendesha gari Tetuan miaka yote hii na sijaua mtu. Nikawekwa kiti cha nyuma, katikati, baina ya mke wangu Suad na kapu la chakula, na dada yangu Batul upande wa dirisha akitoa maelezo ya kila mzeituni. Mbele alikaa Mama, na ufunguo shingoni.

Niandike habari za ufunguo, maana ndio uliotuleta. Ni wa chuma, mrefu kama mwiko, na umo katika ukoo wetu tangu babu zetu walipofukuzwa Granada wakavuka bahari. Walifunga mlango wakaondoka na ufunguo, wakijua watarudi baada ya wiki chache. Nusu ya nyumba za mtaani kwetu Tetuan zina ufunguo wa namna hii msumarini. Lakini za wenzetu ni funguo za nyumba tu. Wetu ni wa Alhamra yenyewe, kasri la wafalme. Babu yetu alikuwa msimamizi wa taa za mfalme. Si Taudi humwita mfuta taa. Anafanya makusudi.

Sasa leo ndani ya feri, mbele ya watu, Mama katangaza: mtoto atakayemwonyesha mlango wa ufunguo huu ndiye atakayeurithi. Watoto tuko wawili, mimi na Batul. Na Batul kaolewa Fez. Akishinda yeye, ufunguo wetu utaning'inia ukutani Fez, kwa watu wanaomwaga sukari juu ya pai ya njiwa na kuiita chakula. Sikubali. Nimeapa kimoyomoyo, nikiwa nimeshika ukingo wa feri kwa mikono miwili, kidogo kwa ajili ya kiapo na kidogo kwa ajili ya mawimbi. Ufunguo hauendi Fez.

Alhamisi, 17 Oktoba

Si Taudi alinunua tiketi za kasri za sisi sote tangu Agosti. Kazitia kwenye jalada la plastiki, kila moja na jina lake na saa yake. Asubuhi katupangia safari ya kesho: nani atembee na nani, nani amshike Mama, nani abebe maji. Mimi ndiye wa maji.

Nikamwambia sihitaji tiketi yake. Mtu hanunuliwi tiketi ya kuingia kwao. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake unaochoma, kama huko kwetu wanajua kuwa ni kwetu. Batul akacheka ndani ya kikombe.

Basi nikapanda kilima peke yangu. Mpango: niingie leo, niutafute mlango, kesho nimpeleke Mama moja kwa moja, Si Taudi abaki akifungua jalada lake. Mpango safi kabisa. Dirishani nikamkuta dada mmoja mwenye miwani. Akasema tiketi zimekwisha mpaka mwezi ujao. Nikamweleza kwamba mimi si mtalii, ni mrithi. Akataka kujua mrithi wa nani. Nikampa habari za taa tangu mwanzo. Alinisikiliza vizuri, simlaumu. Halafu akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni.

Jioni Batul akapika pai ya njiwa kwa mtindo wa Fez, sukari na mdalasini juu, nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Mama akala, akaongezewa, akala tena. Nilimwona. Nikasema kwetu pai hutiwa limau la chumvi, na kwamba njiwa hakufa ili awe keki. Si Taudi akasema basi nisile. Sikula. Nimelala na zeituni tumboni na msimamo wangu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siku mbaya. Si kwa kosa langu, na nitaeleza.

Nimekubali kutumia tiketi ya Si Taudi kwa sababu Mama alinitazama. Mlangoni wakamletea Mama kiti cha magurudumu. Akakataa. Akasema amekuja kwake, hawezi kuingia kwake akisukumwa. Nikajivunia mno mama yangu. Kwenye ukaguzi ufunguo ukaliza mashine. Mlinzi akautoa, akaupima kwa kiganja, akamwita mwenzake na kusema, "Mwingine." Kisha akamweleza Mama kwa heshima kwamba watu kutoka ng'ambo huja na funguo kila mara, lakini bahati mbaya vitasa vilishabadilishwa. Mama akamjibu kwa Kihispania chake cha shuleni, cha zamani zile, "Na nani aliniuliza mimi kabla ya kuvibadilisha?" Mlinzi akamrudishia ufunguo wake.

Ndani, Si Taudi akaanza kusoma kuta. Kuta zote za kasri zimeandikwa Kiarabu, mashairi yamezungushwa kwenye plasta mpaka darini, na yeye anayasoma kama anavyosoma gazeti. Kwa sauti. Wazee fulani wa Kihispania wakadhani ni mwongozaji, wakamzunguka, wakaanza kumuuliza maswali. Akayajibu! Akawaambia na vigae ni kazi ya mafundi wa asili moja na wale wa Fez. Sikuvumilia. Nikajitenga hatua chache nikaanza kusoma upande wangu. Maandishi yale yamesokotwa, siwezi kudanganya, niliweza kusoma maneno haya tu: hakuna mshindi ila Mungu. Bahati nzuri yameandikwa kila mahali. Kila ukuta niliousoma nilisoma sahihi. Wazee wawili wakahamia kwangu, lakini baada ya ukuta wa tatu wakarudi kwa Si Taudi.

Hapo ndipo nilipouona mlango. Kwenye ua wenye bwawa refu, pembeni, mlango mdogo wa mbao, una tundu la ufunguo. Na mlinzi kasimama karibu. Nikamnong'oneza Mama mpango: mimi nitaanguka nizirai, mlinzi atanikimbilia, yeye ajaribu ufunguo haraka. Mama akakubali. Akaniombea na dua.

Nikaanguka vizuri sana. Tatizo ni kwamba nilianguka vizuri mno. Mama akasahau mpango wote. Akapiga yowe, akanikimbilia, na akafanya anachofanya kila mama wa kwetu mtu akianguka ghafla: akanitia chuma mkononi ili mashetani waondoke. Chuma kilichokuwepo ni ufunguo. Basi nimelala pale, macho nimeyafumba, ufunguo umo kiganjani mwangu, mlango uko hatua chache, na mama yangu analia juu ya kifua changu. Batul ananinyunyizia maji ya maua ya mchungwa. Si Taudi ananisomea dua, na kwa kweli anasoma vizuri. Ningeamkaje? Ningewaambia nini?

Wakaleta kile kiti cha magurudumu. Nikatolewa katika kasri la mababu zangu nikisukumwa, mikono ikining'inia, Wajapani wakinipiga picha. Mama na Suad wakanifuata. Batul na Si Taudi wakabaki ndani, wakamaliza vyumba vyote na bustani.

Waliniacha kwenye benchi, katika njia ya maduka iliyo ndani ya kuta lakini nje ya kasri lenyewe, pasipodaiwa tiketi. Suad akaniinamia akaniambia nifumbue macho, watu wameshaondoka. Mzee mmoja akatoka dukani na kuniletea maji. Anaitwa Eutimio. Anatengeneza masanduku ya mbao na kuyapamba kwa vipande vidogo vidogo vya mbao za rangi. Mkali kidogo, kama mafundi wote.

Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka lake. Tiketi ikishatoka haiingii tena. Akasema haidhuru, ameyaona maji na ameyaona maandishi. Mlango wake tu ndio hakuuona. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, upande ambao alidhani siuoni. Iliniuma. Naandika wazi, iliniuma sana. Kwa umri wake hatarudi huku tena, na mimi ndiye niliyemtoa.

Nikageuza uso kwa haya, na huko nilikogeuzia nikauona mlango wa ghala la Eutimio. Mkuukuu, mzito, umeliwa na wadudu kwa heshima. Na pale palipokuwa na kitasa, tundu tupu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mpango mpya. Huu hauna mlinzi ndani yake.

Nimerudi kwa Eutimio asubuhi peke yangu. Nikamweleza ukweli wote, kwa sababu ni mgeni na hana pa kuupeleka. Nilitaka atie kitasa kikuukuu kwenye mlango wa ghala lake, akitengeneze ndani mpaka kikubali ufunguo wetu. Akasema huo ni udanganyifu. Nikamuuliza kama ana mama. Akasema alikuwa naye. Akalamba gundi kidoleni, akaniuliza kama ni kweli kwamba milimani kwetu mizizi ya mti wa arari bado inapatikana, ile yenye madoa, maana kwao haipatikani tena kwa uzuri ule. Nikamwahidi mzizi mkubwa kuliko yeye. Akasema basi anataka alama ya ufunguo, meno na yote.

Mama hauvui ufunguo ila anapotawadha. Huutundika kwenye kulabu iliyo nje ya mlango wa bafu. Adhuhuri nikauchukua. Nilikuwa nimekusudia sabuni, lakini sabuni za nyumba hii ya kupanga ni ndogo kama biskuti, ufunguo hauenei. Maji bafuni yalikuwa yanakaribia kukoma. Nikaingia jikoni. Juu ya meza palikuwa na sinia la Batul, lozi zilizosagwa na kukandwa na sukari na maji ya maua ya mchungwa, kazibeba kutoka Fez ili amfanyie Mama vikeki vyake. Laini, zimeshikana, upana wa kutosha. Nikaukandamiza. Alama ikatoka nzuri ajabu, kila jino. Nikaufuta ufunguo kwa shati, nikaurudisha kwenye kulabu, sinia nikalisukuma chini ya kitanda.

Nilisahau kufuta katikati ya meno.

Mama akaswali. Alipokaa akaunusa ufunguo. Akaunusa tena. Akatuita wote: ufunguo unanukia maua ya mchungwa. Kila mmoja akanusa. Unanukia. Mama akasema chuma hicho kimekaa Tetuan miaka mia tano bila harufu, leo kimesikia hewa ya bustani yake kikaamka. Akalia. Suad akanitazama kwa muda mrefu. Nikasema Mungu mkubwa.

Upande wa pili, Batul kagundua sinia halipo. Si Taudi ana kisukari, amekatazwa vitamu. Batul akamfokea kwenye korido, mtu mzima unaiba lozi za mama mkwe wako, na ukala na sinia lenyewe? Si Taudi akaapa. Hakuaminiwa. Nimesikiliza yote nikiwa nimekaa kitandani, juu ya sinia. Sijapata raha kama hii tangu tuvuke bahari.

Jumapili, 20 Oktoba

Eutimio amepokea sinia bila kucheka. Akalipeleka dirishani, akaangalia alama kwa lenzi yake, akasifu. Kisha akala ukingo wake na kusifu zaidi.

Si Taudi naye hajalala. Kutwa kasoma kitabu chake kinene, na alasiri katangaza kwamba amepata jawabu. Kuna lango kubwa la kasri, na juu ya tao lake umechongwa ufunguo kwenye jiwe. Ufunguo! Batul akapiga makofi. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye makubadhi. Tukapanda wote. Ni kweli, umechongwa pale juu, na mimi mwenyewe nilishapita chini yake mara kadhaa bila kuinua uso. Si Taudi akamwonyesha Mama kwa mkono wote, kama aliyeuchonga ni yeye.

Mama akauangalia wa jiwe, akauangalia wa shingoni. Akasema ule si wetu, wetu una meno matatu. Si Taudi akasema mchongaji hakukusudia kila jino, ni ishara tu. Mama akamwambia, "Mwanangu, wewe ukija kwangu na ishara ya gari nitapanda?" Nikacheka mpaka nikapaliwa. Nilishuka kilima nikiimba.

Jioni Eutimio akanipigia simu. Kitasa tayari.

Jumatatu, 21 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa bafu, mlango nimefunga. Nipange mambo.

Asubuhi nikawaambia wote kwamba nimepeleleza, nimeuliza wazee wa mahali, na kwamba ndani ya kuta za kasri, palipokuwa ghala la mafuta ya taa, upo mlango ambao haujafunguka kwa ufunguo wowote. Mafuta ya taa! Hapo Mama akasimama bila fimbo. Si Taudi akataka kujua wazee gani. Nikasema wazee wa mahali. Akataka kujua ghala la mafuta limetajwa ukurasa gani. Nikamwambia si kila kitu ni ukurasa, shemeji.

Eutimio alikuwa amevaa koti. Sikumwambia avae koti. Mlango ulikuwa umepakwa vumbi la mbao kwa ustadi. Mama akavua ufunguo, akasema Bismillahi, akautia. Ukaingia. Akazungusha. Kikasikika kile kitu ndani, klak, kizito, cha kweli kabisa, hata mimi ninayejua nilisisimka. Mlango ukafunguka, ukatoka ubaridi na harufu ya mbao za zamani. Mama akaegemeza paji la uso kwenye mlango. Batul akalia, Suad akalia, na Suad halii hata kwenye vitunguu. Mimi pia. Sijui nilikuwa nalilia nini, maana kitasa kile kiliwekwa jana.

Si Taudi hakulia. Aliinama, akapitisha kidole kwenye kitasa, akakinusa. Akaja karibu yangu. Akaniambia polepole, "Hongera, shemeji. Kitasa cha miaka mia tano, na mafuta yake ya asubuhi hii."

Anajua! Nikamtazama usoni. Nikamwambia kama ana neno amwambie Mama mwenyewe, yule pale. Akamtazama Mama. Hakwenda. Nikajua nimeshinda. Nilikuwa tayari nimechagua ukuta wa kuutundikia ufunguo, ule wa barazani, anaouona kila mgeni kwanza.

Kisha Mama akageuka. Uso wake sijauona hivyo tangu Baba alipokuwa hai. Akasema amana imefika. Akasema sisi hatukuwa wenye ufunguo, tulishikishwa tu, mama kwa mama, mpaka mlango wake uonekane. Sasa umeonekana. Amana ikifika haibebwi tena kurudishwa. Akamshika Eutimio mikono yote miwili, akaitia ufunguo ndani, akaifumba. Akamwambia, kwa Kihispania chake cha shuleni, "Wewe ndiye unayekaa na mlango. Ufunguo ukae na wewe." Akamwombea dua ndefu, yeye, na watoto wake, na mikono yake ya kazi.

Nikafungua mdomo.

Batul akaniuliza mbona nimebadilika rangi, kaka, huna furaha? Na Si Taudi, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Una la kusema, shemeji? Sema, tunakusikiliza."

Nyoka huyo. Alikuwa ameshaona yote. Nikisema kweli, ufunguo unarudi shingoni kwa Mama, lakini Mama anajua alilia mbele ya mlango wa uongo, tena kwa mkono wa mwanawe. Na mimi mdanganyifu sitarithi kitu, ufunguo utakuwa wa Batul. Nikinyamaza, ufunguo wa ukoo mzima unabaki kwa fundi masanduku. Kila mtu ananitazama. Mama ananitazama, anatabasamu, anangoja mwanawe aseme neno jema.

Nikasema sina la kusema. Nikasema Mungu apokee.

Kwa hiyo ufunguo umekwenda. Lakini haukwenda Fez! Nimewaza jambo hilo mchana kutwa na bado silipati utamu wake.

Jumanne, 22 Oktoba

Tunaondoka adhuhuri. Mapema nimekimbia kwa Eutimio. Nikamwambia vizuri kabisa: mchezo umekwisha, ahsante, anirudishie ufunguo, Mama hatajua.

Akakataa! Ufunguo kautundika juu ya meza yake ya kazi, kwenye kulabu mpya aliyoichonga usiku. Akasema jana jioni alifunga ghala nao, leo asubuhi akafungua nao, na kwamba mama yangu alimshika mikono akamwombea, na mama yake mwenyewe hakuwahi kumwombea hata siku moja, alikuwa mama wa kufoka. Amempa mama yangu neno lake. Nikamkumbusha kwamba kitasa kakitengeneza yeye. Akasema kitasa ni cha uongo lakini dua ni ya kweli, na yeye ameshika dua.

Nikamwita mwizi. Akaniita mwizi wa sinia. Nikamwambia mzizi wa arari asahau. Akasema haidhuru, lakini nikija Granada tena nipite, nitakuta kahawa, na ufunguo nitaruhusiwa kuushika.

Kuushika! Nimekataa kuushika leo, kwa hasira, na sasa garini najuta kidogo. Nipo kiti cha nyuma tena. Mbele Mama amelala, shingo yake nyeupe pale utepe wa ufunguo ulipokuwa. Analala kama mtoto. Suad kaninong'oneza kwamba katika mambo yote niliyowahi kuharibu, hili nimeliharibu vizuri kuliko yote. Sijui kama alinisifu. Nimelichukua kama sifa.

Jumapili, 27 Oktoba

Tetuan. Nyumbani. Ukuta mtupu barazani, ule niliouchagua, kila nikipita nautazama na kuondoa macho. Mama hautazami. Anawasimulia watu.

Anawasimulia watu wote. Alianza na majirani, akaendelea hamamuni wanakooga wanawake, ambako habari huenda mbio kuliko redio. Kwa maelezo yake mlango ulifunguka wenyewe aliposema Bismillahi, na ndani kulikuwa na nuru. Na aliyeupata ni mimi, mwanawe Mfedal, ambaye watu walimdhania hana akili. Nimepewa heshima ambayo sijawahi kuionja. Kinyozi kaninyoa bure. Msikitini nimepishwa.

Suad kaniambia nimwambie Mama kweli sasa, ingali ndogo. Nimemwambia kweli ilipata nafasi yake Jumatatu, mbele ya watu, haikuitumia.

Jana alasiri akaja Hajja Fama, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kaja na kitu ndani ya kitambaa. Ufunguo. Wa kwao, wa nyumba ya Granada, mtaa haujulikani. Ana miaka tisini. Anataka nimtafutie mlango kabla hajafa. Nikamwambia mambo haya ni magumu, yanataka mtu mwenye ujuzi. Akasema ndiyo maana kaja kwangu. Leo asubuhi wamekuja wengine, mmoja na ufunguo mkubwa, mmoja na ufunguo mdogo ambao mimi naona ni wa kabati, lakini sikusema kitu. Nimezipanga zote mezani. Zimependeza. Nani mwingine mjini humu ana kipaji hiki?

Na jioni hii simu kutoka Fez. Batul kwanza, anazungukazunguka maneno. Mama mkwe wake amesikia habari zetu, hali, halali. Amepekua makasha, na ndani ya moja wameupata ufunguo. Wao pia! Kisha akampa simu Si Taudi. Nikaitwa ndugu yangu. Mimi. Akasema mamake anamlilia kutwa kucha, na hawezi kumweleza kwa nini haiwezekani bila habari kumfikia na mama yangu. Anajua nilichofanya, nami najua kwamba anajua, na ameomba. Nikamwacha akaomba tena, kwa sababu simu ilikuwa inakatikakatika.

Nimempigia Eutimio papo hapo. Nimemwahidi mizizi miwili. Nikamuuliza ana milango mingapi. Akafikiri. Akasema upo wa mbele, wa karakana, wa jikoni, na wa choo.

Hajja Fama nimempa wa mbele, kwa umri wake. Wengine watagawana karakana na jikoni. Wa choo nimemwekea Si Taudi, na kuta zake nitamsomea mimi.